Kijumba cha msituni huanzia kwenye madirisha

Wengi hunijia na mchoro tayari mkononi, wanataka nyumba ya mbao msituni kwa vifaa vilivyobomolewa kwingine. Huwaomba wauweke pembeni. Kwa mbao mpya, mchoro hutangulia. Kwa mbao za kubomoa, kusanya kwanza, chora baadaye. Kijumba changu cha kwanza nilikichora kabla, nikaacha nafasi za madirisha za kipimo kimoja, kisha nikapata madirisha matatu ambayo hata mawili hayakulingana. Ukuta niliuvunja mara mbili. Siku hizi nayalaza madirisha chini, napima kila fremu, naongeza sentimita moja kila upande ya kusawazishia, ndipo nachora.

Upana wa nyumba uamuliwe na boriti yako ndefu kuliko zote. Usiikate. Mbao fupi zipo tele. Ndefu iliyonyooka ukiipata mara moja, shukuru.

Kila ubao ukaguliwe kabla ya kuingia kwenye rundo. Chomeka bisibisi, hasa mwishoni mwa ubao na kandokando ya matundu ya misumari. Ikizama bila kushindana, ubao umeoza. Ukiona vitundu vya bungua, usiutupe upesi. Upanguse vizuri, uulaze juu ya karatasi nyeupe kwa wiki kadhaa. Unga mpya ukidondoka, wadudu bado wamo, na ubao huo usikae karibu na mingine. Mataruma ya reli yanayonuka dawa nyeusi usiyaingize ndani ya nyumba kabisa. Mbao za paleti, yaani majukwaa ya kubebea mizigo, tafuta muhuri wake: HT maana yake zimetibiwa kwa joto, hizo chukua, MB zimefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu, hizo ziache. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Mabati ya asbesto usiyaguse.

Kazi inayokula siku nyingi ni kung'oa misumari, nami naipenda kuliko zote. Geuza ubao, gonga ncha ya msumari kwa nyuma mpaka kichwa kichomoze unene wa kucha. Geuza tena, weka kipande cha mbao chini ya nyundo ili usichubue uso, kisha vuta polepole kwenda juu. Msumari wenye kutu hulia unapoachia. Ukisikia mlio ule punguza nguvu, maana hapo ndipo hukatikia ndani. Ukimaliza, pitisha sumaku ubao mzima. Msumari mmoja uliofichika huharibu meno ya msumeno, na ukirushwa na msumeno wa umeme unaweza kukutoa jicho.

Kiwanja kisiwe chini ya matawi makavu wala kwenye njia ya maji ya mvua. Inua sakafu kama sentimita 45 juu ya nguzo za mawe, na juu ya kila nguzo laza kipande cha bati kilichopinda kingo kuelekea chini. Mchwa hatazuiwa nacho, ila atalazimika kujenga njia yake nje, mahali unapoweza kuiona na kuibomoa. Kona zipime kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo zipatikane mita 5. Kisha linganisha mishazari yote miwili, yaani urefu wa kona hadi kona ya mkabala.

Paa nalo lifuate vifaa. Mabati ya zamani yana matundu, kwa hiyo pima umbali kati ya mistari ya matundu na uzipange papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, kwa vipimo hivyo, ili msumari mpya wenye mpira uingie tundu lilelile. Tundu lililo mgongoni mwa bati ndilo la kutumia. Lililo bondeni, ambako maji hupita, lizibe kabla bati halijapanda juu. Bati ziache zichomoze sentimita 60 nje ya ukuta, maana mbao ulizozing'oa misumari kwa siku nyingi hazistahili kuloa kila mvua.