Somo: Kukagua Lee-Enfield ya zamani kabla ya kutoa pesa

Wakuu, somo hili ni kwa wenzetu walioko Marekani wanaoanza kukusanya bunduki za zamani za kijeshi. Kwenye minada na maonyesho ya silaha huko, Lee-Enfield ya .303, bunduki ya kijeshi ya Kiingereza (.303 ni kipimo cha risasi yake kwa inchi), haikosekani. Ndiyo waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi wetu tuna sababu ya ziada ya kuitaka.

Mnunuzi mgeni huvutwa na inayong'aa. Mkusanyaji anatafuta uhalisi: vipande vilivyokaa pamoja tangu kiwandani au kwenye karakana ya jeshi, mbao isiyopigwa msasa, mihuri inayosomeka. Rangi ya chuma iliyochakaa kwa kushikwa ina thamani kuliko rangi mpya iliyopakwa mwaka jana, na ukishaifuta hairudi.

Beba tochi ndogo, kitambaa cheupe, fimbo ya kusafishia mtutu na geji mbili za kupimia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ya .303: ya inchi .064 na ya .074.

1. Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu upande salama, toa magazini, vuta nyuma bolti (chuma cha mkono kinachosukuma risasi na kufunga chemba), itazame chemba kwa macho kisha iguse kwa kidole. Rudia mwenyewe hata kama muuzaji amefanya hivyo mbele yako.

2. Tambua ni ipi. Lee-Enfield zina aina kuu mbili. No.1, ambayo wengi huiita SMLE (Short Magazine Lee-Enfield), ina pua bapa ya chuma inayofunika mwisho wa mtutu, na kilengeo chake cha nyuma kiko juu ya mtutu. No.4 huchomoza mtutu nje ya mbao, na kilengeo chake kiko nyuma karibu na jicho. Kwenye No.1 soma upande wa kulia, pale chuma kinaposhikana na kitako: utakuta taji, kiwanda, mwaka na aina. Mk ni toleo: Mk III ilianza 1907. Mk III* ni ya wakati wa vita, kuanzia 1916, iliyorahisishwa kwa kuondoa vitu kama vilengeo vya ubavuni vya masafa marefu. Viwanda vilikuwa Enfield, BSA (Birmingham Small Arms) na LSA (London Small Arms) vya Uingereza, Lithgow ya Australia na Ishapore ya India. Kwa No.4 soma upande wa kushoto. Iliyotengenezwa na Savage ya Marekani ina maneno U.S. PROPERTY, na za Kanada zilitoka Long Branch.

Angalizo: Ishapore 2A1 ya miaka ya 1960 inafanana mno na No.1, lakini inatumia 7.62 mm na magazini yake ni ya pembe kali. Si .303.

3. Linganisha namba. Tafuta namba kwenye bodi (chuma kikuu kinachobeba bolti na kushika mtutu), nyuma ya mkono wa bolti na kwenye mtutu. Kwa No.1 ongeza pua ya mbele na kilengeo. Namba iliyokatwa mstari na kupigwa nyingine kando yake si wizi. Ni fundi wa jeshi aliyebadilisha kipande akakiandika upya. Kinachotakiwa kukushtua ni bolti yenye namba tofauti kabisa. Bolti ililinganishwa na bodi yake ili sehemu zake za kufungia zibane sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo bolti ya kuokoteza inapunguza bei na pia usalama.

4. Mtutu. Pitisha kitambaa kikavu kwanza, kwa sababu mafuta mazito huficha kutu. Kisha mulika. Kawaida utaona mifereji mitano inayozunguka kushoto. No.4 nyingi za vita zina mifereji miwili tu. Huo ndio muundo wake, haujachakaa. Madoa meusi ya vishimo yametokana na fataki (viwashio vya kwenye kitako cha risasi) za zamani: zikilipuka huacha chumvi, chumvi huvuta unyevu wa hewa, na kutu huanza. Halafu tazama mdomo wa mtutu. Kamba ya kusafishia iliyovutwa kwa pembe miaka mingi hula ukingo upande mmoja, tundu likawa yai. Mtutu wa namna hiyo hutawanya risasi hata kama ndani kunang'aa.

5. Nafasi ya risasi kwenye chemba. Hapa usikisie. Bolti, ikiwa safi, ifunge juu ya geji ya .064 kwa kidole kimoja bila kulazimisha, na isifunge juu ya .074. Ikifunga juu ya .074, ganda la risasi lina nafasi ya kutanuka kupita kiasi na linaweza kukatika karibu na kitako chake. Kwa No.4 kuna vichwa vya bolti vyenye namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Kichwa namba 3 kilichokwisha fungwa ni dalili kwamba akiba imeisha: hakuna kirefu zaidi cha kubadilishia. Kwa No.4 Mk I* kagua pia pengo dogo kwenye reli ambapo kichwa cha bolti hutokea. Kingo zake zikimeguka, bolti huruka nje ukiivuta kwa nguvu.

6. Mbao. Tafuta nyufa pale mbao ya mbele inapokutana na chuma juu ya triga. Mbao nyeusi, laini, yenye harufu ya mafuta ya mashine imeoza kwa kuloweka. Ukifika nayo nyumbani, usianze kufungua kitako. Kwenye No.1 skrubu ndefu ya kitako ina ncha ya mraba iliyokaa ndani ya kibati kwenye mbao ya mbele. Ukiizungusha kabla ya kutoa mbao hiyo, utaipasua. Mbao ya mbele hutoka kwanza, daima.

7. Mihuri ya kujua. DP ni bunduki ya kwata tu, si ya kupigia. EY iliwekwa akiba kwa dharura au kurushia mabomu. FTR si mbaya: ilirudi kiwandani ikakarabatiwa yote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeona No.5, ile fupi ya msituni, kwa bei nafuu sana. Ni halali?*

Nyingi za bei hiyo ni No.4 zilizokatwa. Ya kweli ilitengenezwa 1944 hadi 1947, na chuma chake kilichongwa kupunguza uzito: kwenye bodi, kwenye mwanzo wa mtutu chini ya mbao ya juu, na tundu kwenye kirungu cha mkono wa bolti. Vua mbao ya juu uangalie. Mafundi wa kughushi hawajisumbui na michongo ya mtutu.

*Na bastola ya Webley Mk VI ya .455, nikague nini cha ziada?*

Nyuma ya silinda. Zilizoingizwa Marekani nyingi zilinyolewa chuma hapo zipige .45 ACP (risasi ya bastola ya Kimarekani) kwa vibanio vya nusu duara. Mgandamizo wa .45 ACP ni mkubwa kuliko ulipokusudiwa silinda hiyo, na thamani ya mkusanyo imepungua. Jaribu kwa risasi za bandia: ikikubali .45 ACP na kibanio chake na kufunga vizuri, imenyolewa.

*Ndugu, nahitaji leseni gani? Na je, Mauser 71 ya askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki?*

Leseni ya shirikisho ya mkusanyaji, aina 03, inahusu silaha za zaidi ya miaka 50 zilizobaki katika umbo lake la asili. Iliyokatwa iwe ya kuwindia inaweza isihesabiwe. Soma pia sheria ya jimbo lako. Mauser 71 ni ya 11 mm, risasi moja moja, baruti nyeusi. Mwaka 1914 askari wengi walikuwa bado nayo na moshi wake uliwafichua. Silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 sheria ya shirikisho huiita ya kale, lakini hesabu mwaka uliopigwa kwenye bodi, si mwaka wa aina.

*Nimepiga risasi za zamani. Mafuta yanatosha kusafishia?*

Hayatoshi, mkuu, chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Siku hiyo hiyo mimina maji yanayochemka kutokea chemba hadi mdomo, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu, kisha mafuta membamba. Osha na uso wa kichwa cha bolti. Mbao ipake mafuta mabichi ya kitani, matone machache kwa kiganja.