Jinsi ya kuomba majalada ya forodha ya Maskati

Kila baada ya muda napata ujumbe unaofanana: "Babu yake babu alikuwa na jahazi, akifanya biashara kati ya Unguja na Maskati. Nitapataje kitabu cha forodha chenye jina lake?" Jibu langu la kwanza humvunja mtu moyo kidogo. Kabla hujaandika ombi lolote, jua kwanza nani alikuwa ameshika forodha mwaka unaoutafuta.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Forodha ilitolewa kwa ijara: mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, analipa fungu lililokubaliwa kwa mwaka, kisha anasimamia bandari kwa watu wake, na kinachozidi ni chake. Unguja ijara hiyo ilikaa miaka na miaka mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Maskati, mmoja wa walioishika ni Ratansi Purshottam. Sasa, daftari la kila jahazi na kila gunia lilikuwa mali ya mwenye ijara, likiandikwa na makarani wake. Serikalini utakuta jumla tu. Ukiomba "majina ya wenye majahazi, 1880" utarudi mikono mitupu, wala karani wa nyaraka hana kosa.

Mambo yanabadilika miaka ya 1920. Seyyid Taimur bin Faisal, Sultani wa Maskati, alikuwa na madeni, serikali ya Uingereza huko India ikamkopesha, na mkopeshaji siku zote hutaka kuona hesabu. Kuanzia 1925 Mwingereza Bertram Thomas aliendesha fedha za Maskati kwa miaka kadhaa. Kwa muombaji, hiki ndicho kipindi chenye neema, maana barua, makadirio na malalamiko kuhusu forodha ni tele.

Hatua ya kwanza haihitaji ombi wala ada. Fungua Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, qdl.qa, iliyozinduliwa 2014 kwa ushirikiano na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza; humo majalada mengi ya Waingereza kuhusu Ghuba yamewekwa kwa picha. Tafuta kwa Kiingereza au Kiarabu, kwani Kiswahili hakitakusaidia hapo. Andika "Muscat customs", kisha rudia kwa "Maskat" na "Masqat", kwa sababu makarani wa zamani hawakuwa na tahajia moja. Karatasi zilizopigwa chapa, mashine ya utafutaji huzisoma vizuri, lakini mwandiko wa mkono huupita kama hauuoni, hivyo usidhani hakuna kitu kwa kuwa utafutaji umerudi mtupu. Fungua jalada lenyewe, upekue ukurasa kwa ukurasa.

Ukipata kinachokufaa, nakili namba yake yote. Majalada ya wakala wa Kiingereza pale Maskati yanaanza na IOR/R/15/6 (IOR ni India Office Records, nyaraka za ofisi ya Uingereza iliyosimamia India), halafu mkwaju na namba ya jalada. Ya Bushire, bandari ya Uajemi alikokaa mkubwa wake, ni IOR/R/15/1. Andika na namba ya karatasi: herufi "r" ni uso wa mbele, "v" ni wa nyuma. Nilipoanza, niliwahi kupeleka ombi kwenye ofisi moja nikiandika tu "forodha ya Maskati, karne ya 19". Lilikaa wiki tano, likarudi na sentensi moja: taja namba ya jalada.

Kisichopigwa picha inabidi ukisome London, au umtume aliye huko. British Library hutoa kadi ya msomaji bila malipo. Jiandikishe mtandaoni kabla hujafika, na soma upya orodha ya vitambulisho wanavyotaka wiki ya safari yako, maana tangu shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 taratibu zao zimeyumbayumba. Agiza majalada mapema. Ndani utatumia penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi.

Kwa upande wa Unguja, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Karatasi za ubalozi mdogo wa Kiingereza ziko kwenye fungu la AA. Asiye raia aulize habari za kibali cha utafiti kabla ya kukata tiketi. Barua iwe fupi:

"Mkurugenzi, Nyaraka za Taifa, Zanzibar. YAH: OMBI LA KUSOMA MAJALADA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba ruhusa ya kusoma majalada ya fungu la AA yanayohusu ushuru wa forodha na mali zilizosafirishwa kwenda Maskati, kati ya 1861 na 1873. Nafuatilia historia ya ukoo wangu. Nitakuwepo kuanzia tarehe…"

Miaka hiyo sikuichagua ovyo. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliamua mzozo wa watoto wa Seyyid Said, aliyetawala Unguja na Maskati pamoja: Unguja chini ya Seyyid Majid iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Fedha hiyo ilizua ugomvi, ikakatika, mpaka serikali ya India ikabeba mzigo wa kuilipa. Kwa hiyo kila palipo na karatasi za mapato ya Maskati, Unguja haikosi kutajwa. Kwenye qdl.qa jaribu pia "Zanzibar subsidy".

Ukishaletewa jalada, tazama sarafu kabla ya tarakimu. Hesabu za zamani ni riali za Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye asili ya Austria, za baadaye ni rupia, na wakati mwingine zote mbili zimo kwenye ukurasa mmoja. Tende na samaki wakavu utawaona upande wa zinazotoka, mchele na nguo upande wa zinazoingia.

Ushuru wa bidhaa zilizoingia, kwa mkataba na Marekani wa 1833 na ule wa Uingereza wa 1839, ulikuwa asilimia 5. Ukikuta shehena iliyolipiwa riali 60, zidisha kwa 20: mali ilikuwa ya riali 1,200. Usifanye hesabu hiyo kwa fungu la ijara. Lile ni bei ya kukodi bandari, na mwenye ijara hakuwa mjinga wa kulipa kiasi kile kile alichokusanya. Na kama mzee wako alikuwa mtu wa Sur, bandari nyingine ya Omani, huenda hayumo kabisa: watu wa Sur walikuwa na mazoea ya kukataa kumlipa Sultani ushuru.