SOMO: Kuwamba ngoma ya Burundi ya kubeba kichwani

Swali ni lile lile kila siku: "Mbona ngozi yangu imelegea?" Naandika mara moja hapa, tusirudie.

1. Gogo: mringaringa (umuvugangoma kwa Kirundi), kipande kimoja kisicho na ufa. Chonga kitako kiwe chembamba.

2. Likauke kivulini, ncha zimepakwa mafuta. Juani ncha hukauka kabla ya tumbo, gogo linapasuka.

3. Loweka ngozi ya ng'ombe kwenye maji baridi hadi ilainike yote. Ya moto huisinyaza.

4. Kuwamba. Hapa ndipo ngoma nyingi zinapoharibikia. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya mdomo wa ngoma. Hapo ngozi ni nene, ukiupeleka kando upande mmoja utalegea mapema. Gonga kigingi cha kwanza, kisha cha mkabala wake, halafu viwili vya kukata msalaba, ndipo ujaze kati. USIZUNGUKE kwa mfuatano! Mikunjo yote itarundikana mwishoni, na hapo ndipo ngozi inachanika. Tundu la kigingi likae vidole viwili kutoka ukingoni. Vigingi viwe vikavu. Vibichi husinyaa na kuchomoka.

5. Anika kivulini. Ukiweka kiganja ukasikia ubaridi, bado mbichi. Usipige.

6. Kata ya kubebea ngoma kichwani iwe pana na nene.

Maswali

— Yangu imelegea, nifanyeje?
— Soma hatua ya 4. Kama ni unyevu wa mvua tu, isogeze karibu na moto, si juu yake.

— Misumari je, badala ya vigingi?
— Hapana. Kutu inakula ngozi.

— Ni kweli sehemu za ngoma zina majina ya uzazi?
— Kweli kabisa, na asante kwa kuuliza. Ngozi ni icahi, kama ile ya kubebea mtoto. Vigingi ni amabere, yaani matiti. Mwili ni inda, tumbo. Kitako ni umukondo, kitovu. Ngoma hizi zilikuwa za mwami, yaani mfalme, zikipigwa kwenye Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Ukifika Gitega, nenda Gishora, patakatifu pa ngoma palipoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Waulizie Ruciteme na Murimirwa, ngoma takatifu za pale. UNESCO iliorodhesha ngoma hii mwaka 2014.

— Tuna ngoma 12. Tuzipangeje?
— Ongezeni moja, idadi huwa witiri. Mnaingia kwa mstari, ngoma kichwani, mkipiga. Kisha nusu duara. Inkiranya katikati ndiyo inayoongoza, ibishikizo zinaifuata, amashako zinashika mdundo usiobadilika. Wapeni amashako wenye subira. Wakikimbia, wote mnapotea.