Babu na Majani Yake: Kumlisha Mjusi Ndevu

Mjusi wetu tumemwita Babu kwa sababu ya ndevu. Ni Pogona, yaani mjusi ndevu, asili yake bara kame la Australia, ila huyu anakaa sebuleni kwetu Columbus, Ohio, mali ya binti yangu. Mimi ni mtu wa Bukoba. Mama aliposikia kwenye simu kwamba nanunua nyenje dukani kwa ajili ya mjusi, aliuliza kama senene wangu mwenyewe nimeshapata.

Kosa letu lilikuwa mabuu, yale manene ya mbawakawa. Yana mafuta mengi, na Babu aliyapenda kama mtoto na chipsi. Miezi michache tu, tumbo likawa linaburuza chini, na majani ukimwekea anageuza uso ukutani.

Kumrudisha kwenye majani kulihitaji ujanja. Asubuhi mwache aote taa mpaka apate joto, maana mjusi wa baridi hali vizuri, na hata akila, chakula hakisagiki. Hapo weka majani kwanza, wadudu wasubiri. Majani yenyewe ni sukuma wiki, ile ile ya nyumbani, na hapa imejaa madukani. Ina kalisi nyingi, madini ya mifupa. Ikate nyembamba kabisa, kama unaipikia ugali, kisha ukune boga bichi juu yake, maana rangi ya chungwa inamvutia. Mwisho tupia buu moja katikati, litambae. Akilidaka, anajaza mdomo na majani. Siku ya kwanza Babu alimeza buu akatema jani, akanitazama. Wiki ya tatu akawa anakula sukuma bila buu.

Usimzoeshe mchicha wala spinachi, kwani kemikali yake iitwayo oksalati huishika kalisi isimfikie. Letasi nyeupe ni maji matupu. Tunda kidogo mara moja moja, kipande cha papai kinatosha. Parachichi, hata kidogo, hapana.

Pogona mkubwa hushiba majani, wadudu mara mbili tatu kwa wiki. Mtoto ni kinyume: wadudu kila siku, ingawa majani yawepo ayazoee mapema. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Tunabadilisha nyenje, mende wa kufugwa na mabuu ya nondo wa hariri. Yale manene yamebaki ya sikukuu. Siku moja kabla ya kuliwa, wadudu nao wapewe karoti na majani, maana mdudu mwenye njaa ni ganda tu. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga wa kalisi, utikise mpaka waonekane wamepakwa poda. Bila taa ya UVB, yenye miale ya urujuanimno kama ya jua, unga huo haumsaidii sana, na mifupa italainika. Jioni toa nyenje waliobaki, la sivyo watamng'ata akilala.

Wadudu wa uani siwaamini. Juni moja binti yangu aliingia na kimulimuli kwenye gilasi, anamletea Babu zawadi. Niliruka kutoka kwenye kochi. Kimulimuli mmoja tu ana sumu ya kutosha kumuua mjusi kama Babu. Tangu siku hiyo, hata nikifungua kopo la nyenje wa dukani, binti anachungulia kwanza: "Baba, hawa hawawaki?"