Kabla hujaenda kuskii mara ya kwanza, soma hii

Msimu ndo huu, na magrupu ya WhatsApp ya wabongo huku Kanada yashaanza kupanga safari, nani ana gari, nani ana suruali ya theluji ya kuazima. Nendeni, kuteleza mlimani kwenye theluji na vibao miguuni ni raha kweli. Ila haya muyaweke sawa kwanza.

Jinzi na soksi za pamba acha nyumbani, zikilowa umekwisha. Krimu ya jua paka, theluji inakurudishia jua usoni hata na weusi wetu huu. Mwalimu lipia siku ya kwanza, usifundishwe na shemeji.

Helmeti haina mjadala. Natasha Richardson, yule mwigizaji wa Uingereza, Machi 2009 alianguka kwenye mteremko wa wanaojifunza pale Mont Tremblant, Quebec, hana helmeti, akainuka akasema yuko sawa, baadaye kichwa kikaanza kuuma, siku mbili mbele akafariki. Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu. Kwa hiyo mtu akigonga kichwa mpeleke hospitali hata kama anacheka.

Wa snowbodi, kile kibao kimoja cha miguu yote miwili, vaeni kinga za vifundo vya mikono, mkianguka mnatanguliza viganja na kifundo cha mkono ndo kinavunjika. Wa skii, ukianguka achia fimbo za mkononi, zisije zikakuchania ligamenti ya dole gumba, ile kamba inayoshikilia mifupa ya kiungo.

Sasa baindingi, ile kufuli inayoshika buti kwenye skii na inayotakiwa kuliachia ukianguka. Hapa nisikilizeni vizuri. Dukani kwa kukodi unapewa fomu: uzito, urefu, umri, alafu unajiweka aina ya 1, 2 au 3, yaani 1 ni wa taratibu na 3 ni wa kasi. Rafiki yangu akanambia andika 3, ukiandika 1 skii zitachomoka ovyo. Nikaandika 3, na ilikuwa siku yangu ya pili maishani kuvaa skii. Kijana wa dukani akachukua bisibisi akakaza kufuatana na karatasi yangu, hana kosa lolote yule.

Saa kumi jioni, mapaja yanatetemeka, lifti za kutupandisha mlimani zinakaribia kufungwa, tukasema twende mara moja ya mwisho. Nikaanza kuangukia nyuma, mwendo wa mtu anayetembea tu, makalio yakashuka chini ya magoti na mimi nikajikaza niinuke huku skii bado zinaenda. Ya kulia ikauma theluji kwa ukingo wa ndani, ikajipinda, ikaondoka na mguu. Buti halikuchomoka. Nikasikia TAP, kama kuni kavu imevunjwa. Maumivu hayakuwa makali hata, nikasimama, goti likacheza kama bawaba iliyolegea, nikakaa chini nikajua basi. Usiku lilikuwa limevimba kama embe dodo. Picha ya MRI ikaonesha ACL, ligamenti ya katikati ya goti, imekatika, nikafanyiwa operesheni, miezi tisa ya mazoezi, na kazi yangu ya kusimama ghalani ikaenda.

Daktari alinieleza kwamba baindingi zinasaidia sana mfupa wa muundi, lakini goti hazilikingi kikamilifu hata zikipangwa sawasawa, sembuse ukidanganya. Kwa hiyo andika 1 kama wewe ni 1, na uzito andika wa leo, angalia fomu inataka kilo au pauni. Na ukishaanza kuangukia nyuma usipigane kuinuka, kubali kuanguka, magoti yabaki yamekunjwa, subiri mpaka uache kabisa kuteleza ndo uinuke.

Mengine ni ya kawaida, ukichoka saa nane shuka saa nane, kamba za kuzuia msizivuke, anayekuwa mbele yako chini ndo mwenye njia, wewe wa juu ndo unamkwepa, simu weka mfuko wa ndani maana baridi inamaliza chaji, na kubalianeni mapema mnakutania wapi, watu wa doria, wale waokoaji wa mlimani, wakimchukua mwenzenu mjue hayupo.