Somo: kuomba madukani kwa ajili ya shule ya mtaa bila kuumbuka

Naandika hii mara moja tu jamani, nshachoka kujibu inbox. Mie ni mzazi wa Kisauni, Mombasa, si mwalimu na sina NGO.

1. Mwone mwalimu mkuu kwanza. Usiruke hapa.

2. Akupe orodha yenye muhuri. Ukimwambia mwenye duka "shule ina shida" atakuitikia pole basi, ila ukimwambia mbao kumi na misumari kilo mbili anageuka kuangalia rafu. Na pimeni madawati, maana tangu 2023 junia seko (gredi 7 hadi 9) iko ndani ya shule za msingi na kuna vijana wa gredi 8 magoti yanagonga meza.

3. Zunguka asubuhi. Ijumaa mchana usijaribu, watu wako msikitini.

4. PESA. Mwaka wa kwanza nilisema tumeni kwa namba yangu, kwani mie mwizi? Mwenye hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) akatuma elfu tatu nikiwa nimesimama hapo hapo kwenye kaunta, na usiku wake nlikuwa nimefuliza (nimechukua ule mkopo wa M-Pesa, Fuliza) kununua gesi, basi pesa kuingia tu deni likajikata, nabaki natazama meseji naye ananiuliza "imeingia?" Nkasema imeingia. Nilikopa kwa shemeji nkairudisha siku ile ile lakini kwenye kikao cha wazazi mama mmoja akataka steitimenti, na steitimenti haina haya. Mpaka leo kuna watu wananiita Mheshimiwa Fuliza. Kwa hivyo usipokee kwa simu yako HATA MIA, wala kwa simu ya mwalimu. Iende akaunti ya shule, risiti itoke. Kuna BOM (bodi ya shule) pale kwa sheria ya elimu ya 2013, ndo kazi yao. Bora zaidi omba vitu, pesa achana nazo.

5. Vitu vikifika viandikwe daftari la stoo, mbele yako.

6. Mpelekee mwenye duka picha ya dawati. Ya dawati, si ya watoto wa watu.

MASWALI

Mama Twins: Mie sina muda wa kwenda shuleni, siwezi kukutumia wewe tu?
— Dadangu, soma namba 4.

Kijana wa Ferry: bro nipe namba ya mwalimu mkuu
— Wa shule gani? Kenya nzima?

Kijana wa Ferry: si uulize tu vizuri
— Nimeuliza. Shule gani?

Fundi Chuma: Nachomelea, Jumamosi niko huru. Lakini madawati ya chuma huku karibu na bahari hayamalizi miaka, tatizo nini?
— Fundi umeuliza la maana. Chumvi ya upepo huanzia pale ulipochomelea, so sugua mpaka chuma king'ae, piga redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili ndo uje na rangi. Halafu miguu: darasa linapigwa deki, maji yanaingia kwenye mdomo wa tyubu, inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Ziba midomo yote ya chini kabla hujapaka chochote.

Mama Chapati: Mie sina duka, nauza getini tu. Nina la kutoa?
— Sana mamangu! Mafundi wa Jumamosi wakikosa chai saa nne hawarudi tena. Chapati ishirini zako zinashinda mkebe wa rangi, na tutaziandika daftarini kama mbao za mwenye hadwea.

Fundi Chuma: Chapati kavu ama na maharagwe?

Mama Chapati: Maharagwe ya nazi. Nazi ulete wewe.