Jinsi ya kuomba ruzuku ya utafiti ya NIAMS mkiwa Kigoma: anzeni na anwani ya taasisi, andiko lifuate

Mwongozo huu ni kwa watafiti wa hospitali na vyuo vya mikoa ya magharibi wanaokusudia kuomba fedha za serikali ya Marekani kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya viungo, misuli na ngozi. Fedha hizo hutolewa na NIAMS, taasisi ya magonjwa hayo iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo ni moja kati ya taasisi na vituo 27 vinavyounda NIH, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa afya, huko Bethesda, Maryland. Sisi tulitaka kujua kwa nini kinamama wengi wenye baridi yabisi hufika kliniki wakati vidole vyao vimekwisha kupinda. Mmoja wao, mwanikaji wa dagaa kutoka Kibirizi, aliuweka mkono wake juu ya meza yangu na kuniomba niunyooshe, kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa hata kufunga kitenge. Andiko letu lilikuwa tayari mwezi Agosti, lakini tulikosa dirisha la kupokea maombi la tarehe 5 Oktoba kwa sababu ya sanduku la posta.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba mada yenu ni ya NIAMS kweli. Baridi yabisi, lupasi, soriasisi, mifupa kuwa myepesi na kudhoofika kwa misuli ni mambo yao. Saratani ya ngozi kwa wenye ualbino, ambayo wengi wetu tungependa kuitafiti, huangukia zaidi taasisi ya saratani. Mwandikieni barua pepe ofisa wa programu aliyetajwa kwenye tangazo la ruzuku, mkiambatanisha ukurasa mmoja wa malengo, na mumwulize waziwazi kama mada inawahusu. Someni pia sehemu ya wanaostahili kuomba katika tangazo lenyewe, wala msitegemee nakala ya mwaka jana, kwa kuwa Mei 2025 NIH ilitangaza mabadiliko katika namna ya kupeleka fedha kwa taasisi za nje zinazoshirikiana na taasisi za Marekani.

Sasa tuje kwenye usajili, hatua iliyotugharimu miezi minne. Anayeomba ni taasisi, si daktari, na taasisi ya nje ya Marekani hupata kwanza NCAGE, yaani namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu tano, kisha hujisajili katika SAM.gov, daftari la wanaopokea fedha za serikali ya Marekani, na kupewa namba nyingine, UEI, yenye herufi na tarakimu 12, halafu husajiliwa Grants.gov, tovuti ya kutumia maombi, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi. Usajili wote ni wa bure. Mtu yeyote akiwaandikia kudai malipo ili awaharakishie, msimjibu. Jina na anwani vilivyoandikwa kwenye NCAGE lazima vifanane neno kwa neno na vile vya SAM, na SAM haikubali sanduku la posta kuwa mahali taasisi ilipo.

Hapo ndipo tulipokwama. Kila karatasi ya taasisi yetu, kuanzia cheti cha usajili hadi ankara ya maji, ilikuwa na S.L.P. na neno Kigoma, basi. Isitoshe, cheti kilikuwa na jina la Kiingereza ilhali barua zetu zote zina jina la Kiswahili. Maombi yalirudishwa mara tatu, na kila mara tulisubiri siku kadhaa kabla ya kuelezwa kasoro iliyofuata. Kilichotuokoa ni kibao cha anwani ya makazi kilichopigiliwa ukutani wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, ambacho tulikuwa tunakipita kila siku bila kukitazama. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa mpate barua ya utambulisho ya anwani kupitia NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi, yenye namba ya jengo, jina la barabara na postikodi, ambayo kwa mkoa wetu huanza na 47. Kisha ombeni mamlaka ya maji au ya umeme iwatolee ankara yenye anwani hiyohiyo, na nyaraka za Kiswahili ziambatanisheni na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Chagueni jina moja la taasisi, herufi kwa herufi, mlibandike ukutani ofisini kwa mhasibu, na asiwepo mtu wa kulifupisha. NIH hushauri wiki sita au zaidi kwa usajili. Kwa uzoefu wangu, aliye Kigoma na atenge miezi mitatu. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuikumbuka tarehe hiyo.

Katika eRA Commons, mtafiti mkuu na ofisa mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya taasisi ni watu wawili wenye akaunti mbili. Mtafiti mkuu awe pia na namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti kimataifa, iliyounganishwa na akaunti yake.

Kwa R01, ruzuku ya kawaida ya NIH kwa mradi wa utafiti, malengo huandikwa katika ukurasa mmoja na mkakati wa utafiti katika kurasa 12. Taasisi za nje huandaa bajeti ya kina, kwa dola za Marekani, na endapo gharama za moja kwa moja zitafika dola 500,000 kwa mwaka wowote, ni lazima kuomba ruhusa wiki sita kabla. Msisahau waraka unaoeleza kwa nini utafiti ufanyike nje ya Marekani. Andikeni hali halisi: wagonjwa wanaofika wamechelewa, umbali wa kwenda kwa bingwa wa viungo, na dawa wanazotumia kabla ya kufika kwetu.

Mwisho wa kupokea maombi ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali taasisi inayoomba ilipo, yaani saa za Kigoma, si za Washington. Wengi hudhani wana saa saba au nane za ziada, wakapoteza kila kitu. Tumeni siku tatu kabla, kwa sababu baada ya kutuma mnazo siku mbili za kazi za kulikagua andiko jinsi mfumo ulivyolipanga, na makosa yote lazima yasahihishwe kabla ya muda kwisha.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hakihitajiki siku ya kutuma, lakini fedha hazitoki bila kibali, na taasisi yenu iwe na hati ya FWA, yaani ahadi yake kwa serikali ya Marekani ya kuwalinda washiriki wa utafiti. Kianzeni mapema, pamoja na barua za Katibu Tawala wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa mmoja kabla ya kupelekwa. Yule mama wa Kibirizi alitusimamisha kwenye maneno “sampuli ya mililita tano”, akauliza ni ndoo au kikombe. Tukafuta, tukaandika: “damu kidogo, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.”